Kibanda umiza hakina dirisha

Jumanne ya tarehe 23 Februari 2021, taarifa za habari za Tanzania zilikuwa na Benjamin Mkapa wawili. Wa kwanza ni hospitali, Dodoma. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, alitoka nje kuongea na waandishi ili watu waone kwamba yu hai, maana mitandaoni walishamzika. Akaongea, akakohoa, akaongea tena, akakohoa zaidi, vipaza sauti viko mdomoni pake na barakoa hana. Mwezi uliofuata aliapishwa kuwa Makamu wa Rais, kwa hiyo yeye alipona, na tunashukuru.

Mkapa wa pili ni uwanja, Dar es Salaam. Siku hiyohiyo Simba waliwakaribisha Al Ahly, mabingwa wa Afrika, ambao siku kumi na mbili nyuma walikuwa Qatar wakichukua medali ya shaba ya Kombe la Dunia la Klabu. Ulaya yote viwanja vilikuwa vitupu, televisheni zinabandika kelele za mashabiki za kurekodi. Sisi CAF ilituruhusu nusu ya uwanja, watu 30,000. Luis Miquissone akapiga lile bao kipindi cha kwanza, likabaki hilohilo mpaka mwisho. Moja bila.

Mimi nilikuwa kwa Mkapa wa pili, kikazi. Naandika habari za michezo, na sitajifanya kwamba nilikaa pale nikitafakari afya ya jamii. Nilipiga kelele kama wengine. Ila kila mtu uwanjani alijua anachokijua. Siku sita kabla, tarehe 17, walikuwa wamefariki kwa siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana korona, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Jumapili ya tarehe 21 Rais Magufuli mwenyewe, akiwa kanisani, alisema barakoa zivaliwe, zile za kutengenezwa hapahapa nyumbani. Kwenye vijiwe watu walikuwa wanahesabu misiba kwa vidole, halafu wanahama mada. Basi bao likaingia na watu 30,000 wakakumbatiana. Nusu ya uwanja ni hesabu ya kwenye karatasi. Bao likiingia hakuna nusu, watu wote wanasogea palipo na watu.

Filimbi ya mwisho haijapoa, simu yangu ikaita. Bamdogo, kutoka Lusu.

"Mama! Umeiona ile?"

"Nimeiona, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Huko mko elfu thelathini, eeh? Mimi hapa nina mia na arobaini, na wengine wako mlangoni wananitukana!"

Maneno mengine sikuyasikia. Nilisikia watu.

Lusu ni kata ya wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Kama umewahi kuisikia, huenda ni kwa sababu ya dhahabu: mgodi wa Golden Pride ulifunguliwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1990, ukachimbwa, ukafungwa, na shimo likabaki. Wachimbaji wadogo nao wapo, walikuwapo kabla na wamebaki baada. Nawataja kwa sababu ndio wateja wa Bamdogo. Mtu ametoka shimoni na vumbi kifuani, jioni anataka mpira. Atakwenda wapi?

Anakwenda kibanda umiza. Msomaji wa Dar wa kizazi cha sasa, mwenye king'amuzi sebuleni, pengine hajaingia humo siku nyingi. Cha Bamdogo nimekipima mwenyewe kwa hatua: tisa kwa sita. Matofali ya tope, bati juu, sakafu ya udongo. Mabenchi ni mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na wazee wanasema hayo ndiyo asili ya jina, kwamba ukikaa dakika tisini mgongo unaumia. Mbele televisheni mbili, moja ya mechi hii na nyingine ya mechi ile. Mlangoni pazia jeusi zito. Kiingilio shilingi 500, mechi ya Simba na Yanga 1,000. Dirisha hakuna hata moja.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni umaskini. Kumbe ni biashara. Dirisha linaingiza mwanga na picha inafifia, hilo la kwanza. La pili ndilo kubwa: dirisha ni tiketi ya bure. Watoto wa Lusu wakiona tundu la msumari ukutani, kesho yake ni tundu la kidole, na wiki ijayo wanatazama watano kwa zamu. Bamdogo alikuwa anaziba matundu kwa udongo kila Ijumaa, na mzigo wa udongo ule niliwahi kuubeba likizo nikiwa shule ya msingi.

Sasa piga picha. Mkapa ni uwanja wa viti 60,000, umeingia nusu, katikati hauna paa, upepo wa bahari unapita. Lusu, jioni ileile, hatua tisa kwa sita, watu mia na arobaini wamefungiwa saa mbili, wanaimba. Ukiniuliza leo mechi ya Simba na Al Ahly ilichezwa wapi, nitakwambia Temeke. Ukiniuliza hatari yake ilikuwa wapi, nitakwambia ilikuwa kila mahali penye bati, televisheni na pazia jeusi, kuanzia Mtwara mpaka Kagera. Na huko hakuna CAF wala ofisa wa afya mwenye kipima joto, na hakuna mtu aliyeambiwa aingize nusu.

Ndiyo maana mijadala mingi ya mwaka ule naiona ilikuwa inatazama upande mmoja tu. Hebu tukumbuke mtiririko wenyewe. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku nane kabla, tarehe 8, Yanga walikuwa wameifunga Simba moja bila pale Taifa, faulo ya Bernard Morrison, Rais na mkuu wa CAF wa wakati ule, Ahmad Ahmad, wakiwa jukwaani. Tarehe 17 Machi ligi ikasimamishwa. Takwimu zikafika wagonjwa 509 na vifo 21, Bara na Visiwani, kisha zikanyamaza. Juni michezo ikarudi. Ikaja ile ya Dodoma: Yanga walikwenda kucheza na JKT Tanzania uwanja wa Jamhuri, watu wakajazana bega kwa bega, Serikali ikakasirika. Ikamwadhibu nani? JKT Tanzania. Wakaambiwa wacheze nyumbani bila mashabiki. Yaani wenyeji, timu isiyo na mashabiki wa kujaza daladala mbili, waliadhibiwa kwa sababu ya watu wa Yanga. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Julai, Simba na Yanga walikutana nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba wakashinda 4-1, na sikusikia mtu aliyeadhibiwa.

Siku ile ya adhabu ya JKT, Bamdogo alinipigia anacheka. "Wamewafungia uwanja?" akauliza. "Basi mimi nitajaza."

Na alijaza. Huo si utani. Kila shabiki anayezuiwa uwanjani anatafuta skrini. Anayenyimwa upepo wa uwanjani anakwenda kulipa shilingi 500 apewe joto la chumbani. Sijaona waraka wowote wa kipindi kile uliomfikiria mtu huyo, na nilisoma nyaraka nyingi, ndiyo kazi yangu.

Wiki ya pili ya Machi 2021 Bamdogo alianza kukohoa. Alipiga nyungu: mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, akajifunika blanketi na mvuke. Alipika tangawizi na malimau mpaka shangazi akasema nyumba yote inanuka mgahawa. Siku ya tano akashindwa kumaliza sentensi. Wakampeleka hospitali moja, sitaitaja, ambako mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja na mgonjwa wake alikuwa tayari yupo juu yake. Alifariki alfajiri. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Karatasi iliandikwa nimonia. Watu waliokuja kuhani walisema "changamoto ya upumuaji". Nataka nikae kidogo kwenye neno hili, maana hapa tunapenda maneno. Changamoto lilikuwa neno la semina. Wakurugenzi walikuwa na changamoto za bajeti, vijana walikuwa na changamoto za ajira. Ghafla likaingia matangani, likakaa mkekani na watu waliofiwa. Halikuwa uongo, maana mtu alishindwa kupumua kweli. Halikuwa ukweli pia. Lilikuwa kama lile pazia jeusi la mlangoni: kila mtu anajua ndani kuna nini, ila anayepita njia haoni. Baadaye mwaka huohuo tukapewa UVIKO-19, neno rasmi kabisa, likabandikwa kwenye kuta za vituo vya afya. Ni neno zuri, lina mantiki. Shangazi yangu mpaka leo hajawahi kulitamka. Yeye husema "mwaka ule wa kifua".

Je, ilikuwa ile mechi? Sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Kuanzia tarehe 23 Februari hadi alipoanza kukohoa, kibanda kilionyesha mechi nyingi, yeye alikwenda mnadani, alisali, alizika watu wawili. Watu waliokaa mle siku ile wengi wako hai na wazima, mmoja ndiye anayenichajia simu nikienda. Kitu pekee ninachoweza kusimama nacho ni kwamba mtu aliyekuwa anakaa mle kila siku, mechi zote, kuanzia ile ya mchana mpaka ile ya Ulaya ya usiku wa manane, alikuwa mmoja tu.

Tulimzika siku chache kabla ya taifa kutangaziwa msiba wake mkubwa. Na hapa watani walifanya kazi yao. Sisi Wanyamwezi tunaujua utani. Inasemwa utani wetu na watu wa Pwani ulizaliwa kwenye njia ya misafara, mtu akifia ugenini atazikwa na nani kama si mtani. Bamdogo alikuwa Simba wa damu, kwa hiyo mtani wake alikuwa kila mtu wa Yanga pale kijijini. Jeneza linatoka, mzee mmoja wa Yanga akasimama mbele yake, akanyoosha mkono: kiingilio. Shilingi elfu moja, akasema, leo ni dabi. Watu walicheka huku wanalia. Mwanawe wa kwanza akatoa noti, jeneza likapita. Tulikuwa mia tatu hivi, tumebanana kaburini, na barakoa nilizihesabu: nne.

Siku chache baadaye, tarehe 21 Machi, wananchi walifurika uwanja wa Uhuru, ule unaopakana na Mkapa, kumuaga Rais Magufuli. Watu 45 walikufa kwa kukanyagana. Hawakuambukizwa kitu. Waliuawa na msongamano wenyewe, na ndiyo sababu huwa nashangaa watu wakizungumzia viwanja na maradhi kana kwamba kabla ya virusi mikusanyiko ilikuwa salama.

Nimerudi kusoma historia ya kwetu tangu hapo. Si kwa sababu ya ushahidi, kwa sababu ya upweke tu. Barabara inayopita Nzega leo, ile ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, ya mabasi ya Mwanza na Bukoba, ni mjukuu wa njia za zamani. Tabora ilikuwa kituo kikuu. Burton aliingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, na mwaka uliofuata Speke alitoka hapo kwenda kaskazini, akipita nchi hii yetu mpaka akaliona ziwa. Burton aliandika kwamba njiani walipishana na msafara ulioandamwa na ndui, wagonjwa wakibaki nyuma. Na kuna daktari Mskochi, James Christie, aliyekuwa Unguja kipindupindu kilipoingia mwaka 1869. Kila mtu aliamini ugonjwa ule huja na majahazi. Christie akaenda kuwauliza wafanyabiashara wa misafara: ulipita wapi, ulikuta nini, watu walikuwa wanakufa wapi? Akaunganisha simulizi zao, akaona kwamba safari hii kipindupindu kilikuwa kimetoka bara, kimepita Umasaini, kikashuka Pangani, kikavuka bahari. Kitabu chake kilitoka 1876. Nikikifikiria naona ni kazi ya mwandishi wa habari mzuri: hakuwa na darubini ya kumwonyesha kidudu, alikuwa na masikio.

Kinachonigusa ni kwamba misafara haikusimama. Wapagazi waliendelea kubeba pembe na nguo na ndui kwa pamoja, kwa sababu Mnyamwezi ambaye hajafika Pwani alikuwa bado ni mtoto machoni pa wenzake. Kulikuwa na heshima ndani yake, haikuwa ujira peke yake. Ndivyo mechi ilivyo sasa. Ukimwambia kijana wa Lusu asiende kuangalia fainali kwa sababu kuna ugonjwa, umemwambia abaki mtoto.

Majirani zetu Wasukuma wana jambo linaloeleza zaidi. Kwenye mashindano yao ya ngoma, Bagika na Bagalu, yale ambayo Bujora huyaona kila Juni kwenye Bulabo, mshindi hupimwa kwa watu. Kundi lililovuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Huko umati ndiyo alama zenyewe. Ukisema ngoma zichezwe bila watu hujapunguza mchezo, umeufuta. Nadhani mpira wetu una damu hiyo. Mashabiki wa Msimbazi na Jangwani hawaendi uwanjani kuangalia tu, wanakwenda kuhesabiwa.

Kwa hiyo simlaumu shabiki. Nina hasira na hesabu za wakubwa, na hizo si za Tanzania peke yake. Chukua AFCON ya 2015. Morocco ndiyo iliyopewa uenyeji, Ebola ikawaka Guinea, Liberia na Sierra Leone, Morocco ikaomba mashindano yaahirishwe. CAF ikakataa, ikawanyang'anya uenyeji, ikawapa Guinea ya Ikweta, kisha ikawapiga Morocco faini ya dola milioni moja na kuwafungia mashindano mawili. Mahakama ya michezo ikaja kufuta kifungo na kushusha faini hadi dola 50,000. Lakini kichekesho kiko hapa: Guinea, yenye Ebola, ilikuwa inacheza mechi zake za "nyumbani" za kufuzu Casablanca, Morocco hiyohiyo. Waganda wanakumbuka, maana ndipo Novemba 2014 walipofungwa 2-0 na ndoto yao ikaishia hapo. Timu ya wachezaji ishirini na kitu wanaopimwa ilikubalika. Kilichoogopwa ni mashabiki. Na kwa hili mimi niko upande wa Morocco, hata kama mashindano yale yaliisha bila Ebola kuonekana. Mtu akivuka barabara amefumba macho akafika salama, hatuandiki kwamba kufumba macho ni njia nzuri.

Kinyume chake ni Bergamo. Tarehe 19 Februari 2020 zaidi ya watu 40,000 walijaa San Siro, Milan, wengi wametoka Bergamo kuiangalia Atalanta yao ikiifunga Valencia 4-1. Usiku wa furaha kubwa katika historia ya klabu. Siku mbili baadaye Italia ikagundua ugonjwa umeshaenea Lombardia, na Bergamo ikaja kuwa mji wa malori ya jeshi yakibeba majeneza. Meya wake, Giorgio Gori, aliilinganisha mechi ile na bomu. Ila hata yeye alikumbusha kwamba wasioenda Milan walikusanyika majumbani na kwenye baa. Niliposoma hilo nilisimama, nikatoka nje kidogo. Vibanda umiza vya Bergamo.

Halafu Zambia. Tarehe 21 Januari 2024, San-Pédro, Ivory Coast, Taifa Stars wanaongoza kwa bao la Simon Msuva, Zambia wako pungufu mtu mmoja, tumebakiwa na dakika mbili, Patson Daka anasawazisha. Nchi nzima ilinuna. Wachache walijua kwamba wakati ule uwanja mkubwa wa Lusaka, Heroes, ulikuwa umegeuzwa kituo cha kutibu kipindupindu, vitanda chini ya majukwaa. Timu iko ugenini inapigania nchi, na uwanja wake nyumbani umejaa wagonjwa. Kwetu nako kipindupindu kilikuwa kinatembea Kanda ya Ziwa, Simiyu, Mwanza, Shinyanga. Nilikuwa Lusu wiki ile. Kibanda kilikuwa kimejaa kama kawaida, na nje kulikuwa na ndoo moja ya maji ya kunywa na kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba ili kisiibiwe. Kile kikombe kilinitisha kuliko Daka.

Kibanda sasa ni cha binamu yangu, mtoto wa marehemu. Mwaka 2025 ulimpa msimu mzuri, CHAN ilipochezwa kwetu, Kenya na Uganda. Mwanzo ilikuwa iwe Februari. Tarehe 14 Januari CAF ikatangaza kuisogeza hadi Agosti, sababu viwanja na miundombinu. Siku hiyohiyo Shirika la Afya Duniani likatangaza kuna wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara yetu ikasema vipimo havikuonyesha kitu, na tarehe 20 Rais Samia akathibitisha, akiwa na mkuu wa shirika hilo Dodoma, kwamba mgonjwa yupo, Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu kumi, na wote kumi walikuwa wamekufa. Uganda nayo mwisho wa Januari ikatangaza Ebola ya Sudan. Sisemi CAF walijua. Nasema tungecheza Februari kama ilivyopangwa, wenyeji wawili kati ya watatu wangekuwa katikati ya milipuko, na basi la Bukoba linapita Nzega likiwa limejaa jezi. Tuliokolewa na nyasi na saruji zisizokamilika. Sijawahi kufurahia ucheleweshaji wa mkandarasi kama mwaka ule.

Sasa inayosubiriwa ni AFCON ya nchi zetu tatu, ile ya 2027 tuliyopewa Septemba 2023. Viwanja vinajengwa, na huko hatua za afya zitakuwapo, nina hakika. CAF watadai vyumba vya matibabu, magari ya wagonjwa, milango ya dharura, na watapewa. Binamu naye anajiandaa. Alinipigia mwezi uliopita: anataka skrini ya projekta na kupanua chumba, hatua kumi na mbili kwa nane.

"Dada, tuchangiane. Hela itarudi kwenye makundi tu, hata robo fainali haijafika."

Nikamwambia nitachangia nusu, kwa sharti la madirisha.

Akanyamaza. Halafu akacheka kama baba yake. "Dada, wewe unataka kuniua kibiashara."

Tumebishana wiki tatu. Yeye ana hoja zake, na nyingi ni nzuri kuliko zangu. Mwanga wa saa kumi utafuta picha ya projekta. Watoto watachungulia. Nyavu zitaibiwa. Mimi nina hoja moja tu na sijaweza kuitamka kwenye simu, nayo ni baba yake. Nadhani anaijua, kwa sababu juzi alinitumia ujumbe wa sauti ambao hakutania ndani yake hata mara moja. Amezungumza na fundi. Fundi amesema zipo tofali za matundu, mistari mitatu chini ya bati, pande zote mbili zitazamane, hewa itapita juu kwa juu na mwanga hautafika ukutani. Pia amenunua vikombe, kumi na viwili, na ndoo ya pili yenye koki kwa ajili ya mikono.

Kimebaki kitu kimoja. Upande wa magharibi kuna mwembe, na matawi yake yako sawasawa na mstari wa matundu. Anataka kuukata. Shangazi amekataa, anasema mwembe ule aliupanda marehemu. Nimemtumia binamu hela ya tofali za upande wa mashariki. Za magharibi nitakwenda nazo mwenyewe Desemba, nikapande ule mwembe, nione kama kweli mtu akikaa pale anaiona skrini.